Spika Nne na Sufuria Moja

Mume wangu aliileta ampli kutoka Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, ikiwa imefichwa katikati ya robota la mitumba, ili askari wa vizuizi wasiione. Alipoifungua mezani alikuwa amelowa jasho, lakini alicheka. Mimi sikucheka. Niliitazama ile mashine nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, na jambo la kwanza nililojiuliza ni hili: ikipiga kelele, tutasikiaje sufuria?

Inabidi nieleze habari ya sufuria. Ilikuwa miaka ya uasi. Waasi waliotawala Beni na Butembo walikuwa wamegawanyika, wakaasiana wao kwa wao, na kando yao kulikuwa na wengine wenye bunduki ambao hatukujua ni wa nani. Jua likishatua waliingia mitaani kuchukua walichotaka: redio, mbuzi, na mara nyingine wanaume wa kuwabebea mizigo. Hakukuwa na mtu wa kumwita. Mtaani kwetu Butembo tulikuwa na sufuria tu. Nyumba ya kwanza kuwaona ilipiga sufuria kwa mwiko, nyumba iliyofuata ikisikia ilipiga yake, na mlio ukateremka kilima hivyo hivyo mpaka bondeni. Kila nyumba ilijua inasikia kwa nani na inampigia nani. Sheria ilikuwa moja na haikuandikwa popote: kwanza unapiga, ndipo unazima taa na kukimbilia kwenye mikaratusi.

Sisi tulisikia kwa mama muuza mikate aliyekaa juu yetu. Tuliwapigia wazee wawili, mume na mke, Wakatoliki wenye shamba huko Vuhovi, ambao nyumba yao ilikuwa chini, kwenye kona ya kilima. Kona ile iliwaziba. Sufuria ya muuza mikate haikuwafikia hata upepo ukiwa upande wao, kwa hiyo walitegemea yetu peke yake. Yule mama mzee nilimwita mukaka, yaani bibi kwa Kinande, ingawa mimi ni Mwislamu wa Beni na hatukuwa na udugu wowote. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama yangu akiwa mbali na njia zimefungwa, yeye ndiye aliyenikanda kwa maji moto siku arobaini.

Nilikuwa mwoga, na sioni haya kulisema. Adhana ya magharibi ikiisha niliacha kazi zote. Niliketi karibu na mlango wa nyuma, sufuria mapajani, mwiko mkononi, nikisikiliza. Mbwa akibweka moyo unapiga paa. Mtu akikohoa njiani, moyo unapiga paa. Mume wangu aliniita askari wa jiko. Alikuwa na haki ya kunitania, kwa sababu yeye alishinda na lori lake barabarani, akirudi nyumbani alitaka kustarehe, siyo kumtazama mke anayetetemeka na chombo cha kupikia.

Alichotaka ni sinema ya nyumbani. Aliiona kwa tajiri mmoja huko Kampala: sauti mbele yako, sauti nyuma yako, wewe katikati umekaa kama sultani. Ikamkaa kichwani. Televisheni na deki tulikuwa navyo, ampli ameipata, zikabaki spika, au bafle kama tunavyosema kwetu. Na kwa kuwa mimi ni binti wa fundi redio, nikaambiwa nivae kitenge twende mjini tukachague.

Baba yangu alitengeneza redio Beni tangu kabla sijazaliwa. Hakuwa na mtoto wa kiume aliyependa kazi ile, basi akanifundisha mimi. Alikuwa akisema ampli haina macho. Haioni imefungiwa spika gani, inasukuma tu, na kazi ya kuona ni ya fundi. Kila spika ina ubishi wake, jinsi inavyokataa kusukumwa, na ubishi huo hupimwa kwa omu. Omu zikiwa chache mno, ampli inasukuma kupita kiasi mpaka inachemka. Zikiwa nyingi mno, inasukuma bure na sauti inatoka ndogo. Nilikuwa na miaka kumi nilipoyajua haya, na sikudhani yatakuja kunitesa.

Dukani, muuzaji alituelekeza moja kwa moja kwenye spika mbili zenye urefu wa mtoto wa shule, zimepakwa rangi ya fedha, zina vitaa vya kuwaka na kuzima.

“Hii iko na watt mia tano,” alimwambia mume wangu. “Ikilia hapa, hata Kalunguta batasikia.”

“Njo ile nilikuwa natafuta,” mume wangu akasema, yaani ndiyo hiyo hasa aliyoitaka.

Hapo niliwaza sufuria. Watu wa Kalunguta, kijiji cha mbali, wasikie, na sisi tusisikie jirani wa hatua hamsini. Nikatoa mita yangu ya kupimia omu ndani ya kikapu, chini ya vitunguu, na kugusisha sindano zake kwenye nyaya za ile spika. Muuzaji alimtazama mume wangu, kama anamwuliza huyu mwanamke amepewa ruhusa na nani.

“Mama, hii hapana nyanya ya kubinya-binya,” akaniambia.

“Nyanya mbovu ninatupa,” nikamjibu. “Hii ikioza itaunguza ampli yangu.”

Mita ilionyesha tatu na kitu, maana yake spika ni ya omu nne. Mgongoni mwa ampli yetu palikuwa pameandikwa nane, isipungue. Nikamwonyesha mume wangu, naye akanuna, lakini mashine aliyoipitisha vizuizi vyote vile hakutaka kuiunguza. Nilikuwa nimesema ukweli. Lakini leo naweza kuusema wote: hata zingekuwa za omu nane ningetafuta kasoro nyingine, kwa sababu nilizichukia zile spika tangu niliposikia neno Kalunguta.

Nilichagua nne za mbao, za kimo cha debe, zimekaa nyuma ya duka zikila vumbi. Niligonga pande zake kwa kifundo cha kidole, mbao zikajibu kwa sauti nzito, siyo ya mkebe. Nikagusisha betri ya tochi kwenye nyaya za kila moja, na ngozi za spika zote zikaruka mbele, hakuna iliyorudi nyuma. Mita ikasoma sita, na spika inayosoma sita huwa ya nane. Muuzaji aliacha kunichekea. Akaanza kuniita fundi.

Kufunga nyaya nilijitolea mwenyewe. Ampli ilikuwa na matundu ya kulia na ya kushoto tu, na spika ni nne, kwa hiyo kila upande ulipaswa kulisha mbili. Kuna njia mbili za kufanya hivyo. Ukizifunga bega kwa bega, omu za kila upande zinashuka mpaka nne, na ampli inatoa sauti kubwa huku inateseka. Ukizifunga kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine, omu zinapanda mpaka kumi na sita, ampli inapumzika na sauti inapungua. Nikazifunga kwa mfuatano. Mume wangu alipozungusha kitufe mpaka mwisho, ilitoka sauti tamu, safi, ambayo ungeweza kuongea ikilia na ukasikika.

“Njo mwisho?” aliuliza.

“Njo mwisho,” nilisema.

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimechagua sauti ndogo kusudi, kwa ajili ya sufuria. Nilijua ataniona mwehu. Na mpangilio wangu ulifanya kazi. Katika miezi iliyofuata sufuria ya muuza mikate ililia mara mbili tukiwa tumewasha picha, na mara zote mbili niliisikia, nikapiga yangu mpaka mwiko ukapasuka, tukakimbia. Mara zote mbili mukaka na mzee wake walitukuta kwenye mikaratusi, yeye kajifunika kitenge, mzee kabeba viatu mkononi. Mukaka alinishika kidevu gizani na kusema, “Mutoto wangu, bila weye tungekufa.” Niliona raha kuliko kusikia muziki wowote.

Ikaja Idi. Mdogo wa mume wangu, aliyekuwa akigomboa mizigo mpakani, alitujia na kanda ya harusi ya dada yao iliyofanyika Beni. Ni mtu wa maneno mengi na sauti ya juu, na nyumba nzima hugeuka yake anapoingia. Tulikula, tukashiba, mwenye jenereta wa ng'ambo ya bonde, aliyeuuzia umeme mtaa wetu, akaliwasha mapema kwa ajili ya sikukuu, na shemeji akataka kujaribu sinema ya kaka yake. Akazungusha kitufe mpaka mwisho. Akasubiri. Akainama na kuweka sikio kwenye spika.

“Belle-sœur,” akaniambia, yaani shemeji, “hii ampli iko na njaa ao iko na malaria?”

Watu wakacheka. Mume wangu naye alicheka, lakini nilimwona alivyoinamisha macho.

“Ni yeye alichagua,” akasema.

“Ah, donc ni elimu ya Beni,” shemeji akasema. “Kule bafundi banafundisha bafle kusali kimya-kimya.”

Ningeweza kucheka na wengine. Ningeweza kwenda jikoni. Lakini alikuwa amemgusa baba yangu mbele ya wageni, na mimi nina hasira za karibu, zinafika kabla ya akili. Nikachukua kisu na koleo. Nikawaambia wasogee. Kwa muda wa robo saa nilipiga magoti sakafuni nikiwa na nguo yangu ya Idi, nikafungua nyaya zote na kuzifunga upya, bega kwa bega. Najua kabisa nilichokuwa nakifanya. Najua niliwaza sufuria. Nilijiambia ni siku ya sikukuu, jua bado lipo, nitapunguza baadaye.

Kisha nikamwambia shemeji, “Sasa zungusha.”

Sauti ilinigonga kifuani. Ngoma za harusi zilijaa ukutani, vigelegele vilitoka nyuma yetu kiasi kwamba shangazi mmoja aligeuka kutazama nani ameingia. Mume wangu alinishika bega mbele ya watu wote, jambo ambalo halifanyi. Shemeji akakaa chini bila neno, na kumfanya yule mtu akae bila neno haikuwa kazi ndogo. Nilijisikia binti wa baba yangu. Nilisimama katikati ya spika zangu nne, na kwa mara ya kwanza katika miaka ile sikuogopa kitu.

Wageni wa mbali waliondoka jua lilipoanza kushuka. Tukaswali magharibi, tukarudi kuitazama kanda tangu mwanzo, tukabaki sisi na shemeji. Sikupunguza. Nilisema moyoni bibi harusi akishatoka nje nitapunguza, na alipotoka nikataka kumwona mama yake akilia. Sufuria yangu ilikuwa jikoni, imejaa mchele uliobaki.

Halafu ampli ikanyamaza. Ilikuwa imechemka, na ikajizima yenyewe ili isiungue. Harufu ya vumbi lililoungua ilijaa sebuleni. Picha iliendelea kucheza bila sauti, wanawake wakifungua midomo tu.

Sijui kama naweza kueleza ukimya ule. Hakuna mtoto aliyelia popote, hakuna redio. Niliinuka nikafungua dirisha kidogo. Kwa muuza mikate giza. Ng'ambo yake giza. Kilima kizima juu yetu kilikuwa kimezima taa, na sisi peke yetu tulikuwa tunawaka. Sufuria zilikuwa zimeshalia na kwisha, watu wameshakimbia, nasi tulikuwa harusini.

Mume wangu aliruka kuzima taa. Mimi nikajikokota mpaka jikoni, nikamwaga mchele sakafuni, nikashika mwiko. Hapo nikasikia sauti ya mwanamume chini kwenye kona, kwa mukaka, karibu sana, akiamrisha kwa Kilingala: “Telema.” Simama. Kisha kitu kizito kilianguka, na mbuzi akalia.

Mume wangu alinishika mkono kwa nguvu, siyo kwa ukali, akaniambia sikioni, “Ukipiga sasa batakuja hapa.” Watoto wetu wawili walikuwa wamelala chumba cha pili. Nilikuwa nimeinua mwiko. Bado naukumbuka mkono wangu ulivyosimama hewani, na jinsi nilivyotamani anishike kwa nguvu zaidi, ili iwe yeye aliyenizuia. Lakini alikuwa ameshaniachia. Niliushusha mwiko mwenyewe, taratibu, nikauweka juu ya kitambaa ili usitoe mlio.

Tulikaa sakafuni mpaka kulipokucha. Shemeji aliondoka na lori la kwanza la Kasindi bila kunywa chai.

Walimchukua mzee. Walimtwika gunia la maharagi na betri ya gari, wakamwongoza na mbuzi wake. Mtu mmoja alisema alimwona njia ya Kalunguta akiwa amebeba. Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena. Kuhusu sisi, muuza mikate alikuwa na maelezo yake, akayasema dukani kwake kwa kila aliyekuja kununua: wale watu walipita karibu na mlango wetu, wakasikia muziki ule na kuona taa zile, wakadhani ni kwa komanda fulani, wakatuepuka. Nani mwingine angethubutu saa ile? Alisema tuna bahati. Aliamini tulifanya kusudi, kwa ujanja, baada ya kupiga sufuria yetu. Nilimwacha aamini.

Mukaka alikuja alasiri ya siku iliyofuata. Alisimama uani, hakutaka kiti. Macho yake yalikuwa makavu.

“Mama,” aliniita hivyo, siyo mutoto, “jana mulipigaka sufuria?”

Mume wangu alikuwa mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini niliogopa. Niliogopa mtaa mzima, niliogopa watoto wake waliokuwa njiani kutoka Vuhovi, niliogopa jinsi uso wake ungebadilika.

“Tulipiga, mukaka,” nikasema.

Akashika sikio lake. “Mie sikusikiaka kitu. Basi ni masikio yangu njo imezeeka.”

Akarudi kwake. Mume wangu aliziondoa spika ukutani siku hiyo hiyo, na hatukuwahi kulizungumza jambo lile, hata mara moja, hata tulipokuwa peke yetu.

Kumbe neno langu lilikuwa limeanza safari yake. Mukaka aliwaambia wanawake kisimani kwamba masikio yake ndiyo yaliyomuua mume wake. Aliwaambia wanawe. Mwuguzi wa dispensaire, yaani zahanati, alimulika ndani kwa tochi, hakuona kitu, akamtilia matone ya mafuta. Kanisani alihamia kiti cha mbele. Watu walipoongea naye walipaza sauti, kwa heshima, naye aliitikia kwa kichwa kama kiziwi wa kweli. Nilianza kumkwepa. Nikimwona akija upande huu wa njia, moyo unapiga paa, kuliko hata enzi za mbwa kubweka. Kila siku nilingoja mtu amwambie: lakini nyumba yao usiku ule ilikuwa bado inawaka taa.

Misa ya mzee ilisomwa bila mwili. Wiki chache baadaye mukaka aliingia uani kwangu asubuhi, akavuta kigoda.

“Weye uko mutoto wa fundi,” akasema. “Unajuaka mambo ya sauti. Unipime haya masikio.”

Sikupata njia ya kukataa. Nilimkalisha akiwa amenipa mgongo. Nikasimama hatua tano nyuma yake, nikanong'ona, “Chumvi.”

“Chumvi,” akasema.

Nikarudi nyuma. “Maharagi.”

“Maharagi.”

Nilirudi mpaka mgongo wangu ukagusa uzio. Nikanong'ona kwa pumzi tu, midomo haijafunguka vizuri, “Muhogo.”

“Muhogo,” akasema, na akangoja, mikono imetulia magotini. Alikuwa anasikia kuliko mimi. Lakini mwenyewe hakuweza kujua kama kuna maneno mengine niliyoyasema yakampita. Hilo nililijua mimi peke yangu.

Akageuka. “Basi?”

“Ya kushoto imechoka kidogo, mukaka.”

Alishusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka nayo. Akanyoosha mikono yote miwili, akaishika ya kwangu.

“Aksanti. Sasa roho yangu imetulia,” akasema. “Mie nilikuwaka nawaza mubaya juu yenu. Nilisema mu roho, hawa batu habakupigaka. Munisamehe.”

Nikamwambia tumemsamehe.